Vifo Arobaini na Kimoja

Mimi ndiye niliyemuua, kwa brashi na poda,
mara ishirini na saba kati ya arobaini na moja.
Zile nyingine sikuwapo: nilikuwa najifungua,
au yeye alikuwa Kyiv, au fedha ziliisha
wakampaka vumbi tu.

Ushangi Berulava, uso wa jiwe la kinu.
Bangoni jina lake lilikuja mwisho,
baada ya farasi, alisema mwenyewe,
na farasi huyo alikula vizuri kuliko yeye.

Walimvika sare ya adui kwa sababu ya zile taya.
Tbilisi nzima ilimjua kama yule Mjerumani
anayeporomoka ngazini dakika ya kumi na tisa.
Watoto wa Sololaki walimlenga kwa vidole
akitoka kununua mkate, naye papo hapo
aliwafia: mgongo ukutani, magoti yakilegea,
akateleza hadi chini polepole,
mkate kaunyanyua juu usiguse tope.

Damu niliichemsha mwenyewe, nyuma ya studio:
komamanga, sukari, unga wa mahindi kidogo.
Ile ya serikali ilinuka mafuta ya taa.
"Tsiuri," aliniambia, midomo ikichuruzika,
"leo nimekufa mtamu. Jana ulininyima sukari."

Siri yake alinipa mara moja tu, kwenye basi,
tukitoka milimani na theluji viatuni.
Wenzangu hufumba macho, alisema. Mimi huchagua kitu,
kifungo cha koti, nzi, soksi ya mpiga picha,
nakikazia macho kama mtu
aliyeahidi kukirudia.
Hakufa kikondoo hata siku moja.

Kisha ikaja miaka ya giza, umeme saa mbili kwa siku,
studio wakapangishwa wauza matairi.
Aliuza saa. Aliuza buti za jenerali
(mali ya studio; tulijua wote, tukanyamaza).
Mkewe Lamara alifundisha piano
kwa glavu zilizokatwa vidole.
Mimi nilipaka rangi maharusi, na maiti pia,
na maharusi ndio waliolia zaidi.

Ana miaka sabini, runinga ikamkumbuka.
Babu wa tamthilia, Jumatatu hadi Alhamisi,
kiti kimoja, meza moja, na supu
iliyopikwa Jumatatu.
Hapo ndipo nchi ilipompenda!
Madereva wa teksi walikataa pesa yake,
wanawake wasiomjua walimfunga skafu vizuri.
Yeye alinung'unika: "Vipindi mia mbili, Tsiuri,
na hakuna hata mmoja aliyeniua."

Alipodai nyongeza, hawakumuua pia.
Walimpeleka Batumi, eti hewa ya bahari, eti mapafu.
Kiti chake wakakiwekea paka.
Mara moja moja mtu husema kule jikoni,
"Babu kapiga simu, anawasalimia,"
na mshahara wa salamu, bila shaka, haulipwi.

Alikufa Februari, kitandani, bila mwongozaji.
Lamara anasema alikuwa akitazama swichi ya taa.
Nilimnyoa mimi. Kidole changu kilienda chenyewe
shavuni, penye lile kovu
nililolichora miaka thelathini.
Ngozi ilikuwa nzima kabisa.
Sikujua pa kuanzia.

Siku ya arobaini yake tulikaa watu kumi na wanne,
maharage, divai, mkate wa moto.
Chumba cha pili runinga ilikuwa imesahauliwa,
inaongea peke yake. Ilikuwa Alhamisi.
Simu ikalia mle ndani; binti wa tamthilia akapokea,
akacheka, akaita nyumba nzima:
"Ni babu, yuko Batumi! Anawasalimia wote!"

Vijiko vikasimama.
Lamara akaweka glasi chini, akaugeukia mlango ule.
"Mwambie tumeitikia," akasema.
"Na avae sweta."